Debian, Ubuntu, Mint au Fedora: ukichagua Linux unachagua na wenyewe

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Kwa Intel, orodha rasmi inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana. Sasa zunguka Kariakoo, au Luthuli Avenue ya Nairobi, uangalie kompyuta mpakato za mtumba zilizostaafu kwenye ofisi za Ulaya. Nyingi ni za kizazi cha 4 hadi cha 7. Zina kibodi imara, zinafunguka kwa bisibisi moja ukitaka kuongeza RAM, na zina uhai wa miaka mingi bado.

Ndiyo maana siku hizi swali la "niweke Linux gani?", yaani mfumo gani huria wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, linaulizwa na watu ambao zamani wasingeliuliza: walimu, wahasibu, wenye stesheneri, wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Na majibu wanayopewa ni ya Simba na Yanga. Kila mtu anataja ile anayotumia yeye, halafu anazidharau nyingine. Hapa nitazipima distro nne, yaani Linux zilizofungashwa tayari kuwekwa, zinazotajwa sana, kwa vigezo vilevile. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa Debian, ili msomaji ajue ananisoma nikiwa nimesimama wapi.

Zote nne zina kiini kimoja (programu ya ndani kabisa inayoongoza vifaa), Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, na zana nyingi za mradi wa GNU uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Firefox, LibreOffice, VLC na GIMP utazipata kote. Leseni ya GPL, ambayo ndiyo ya kiini hicho, inakuruhusu kuitumia programu, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuusambaza. Kwa hiyo ukishaizoea moja, kazi utakayoifanya Jumatatu asubuhi ni ileile. Zinapoachana ni kwa mtu anayekufungashia programu hizo: nani anamlipa, ana haraka kiasi gani, na siku mkitofautiana utashika njia ipi.

Vigezo nilivyovichagua ni vitano: nani anaamua na nani analipa, kasi ya mabadiliko, bando na RAM, hali ya siku ya kwanza baada ya kuiweka, na mwisho, itakufikisha wapi kimasomo, kikazi au ukitaka kuchangia. Sura ya skrini nimeiacha. Inabadilishika, na ndicho kitu cha kwanza watu hubishania bila sababu.

Nani anaamua, nani analipa

Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na haina mmiliki. Ina katiba. Wanachama wake humchagua kiongozi kwa kura kila mwaka. Kuanzia 2020 hadi 2024 kiongozi huyo alikuwa Jonathan Carter, raia wa Afrika Kusini. Ina pia Mkataba wa Kijamii wa mwaka 1997, na kanuni zake kuhusu programu huria ndizo zilizochukuliwa mwaka uliofuata na kugeuzwa kuwa ufafanuzi rasmi wa chanzo huria unaotumika duniani kote. Uzuri wa mpango huu ni kwamba hakuna bosi wa kuamka siku moja akauuza mradi. Ubaya wake ni mabishano. Mwaka 2014 waligombana kuhusu systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, mpaka kundi moja likachukua msimbo na kuanzisha Devuan. Wapo wanaoona hiyo ni aibu. Mimi naona ndiyo haki yenyewe ya programu huria ikifanya kazi: usiporidhika, hakuna wa kukuzuia kubeba na kuondoka.

Ubuntu ni ya kampuni, Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth, naye wa Afrika Kusini, tajiri aliyeuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 na kwenda anga za juu mwaka 2002. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004, likiwa limejengwa juu ya Debian. Kwa miaka kadhaa Canonical ilituma CD za Ubuntu kwa posta bila malipo popote duniani, mpaka huduma hiyo ilipofungwa mwaka 2011; wakati ambapo kushusha MB 700 kwenye internet cafe ilikuwa kazi ya kutwa nzima, bahasha ile ilikuwa na thamani. Kwa kuwa kuna kampuni, kuna mishahara, kuna ratiba inayoheshimiwa, kuna mtu wa kumpigia simu ukilipia. Kuna pia maamuzi ya kibiashara. Mwaka 2012 ulichotafuta kwenye menyu ya kompyuta yako kilipelekwa mtandaoni ili urudishiwe bidhaa za Amazon, jambo lililowakera wengi hadi likazimwa kwenye toleo la 16.04. Sura ya Unity ililetwa mwaka 2011 ikatupwa mwaka 2017. Na duka la Snap, ambako Ubuntu inachukua baadhi ya programu zake, seva yake haijawahi kufunguliwa msimbo. Kwa anayejali uhuru wa programu hilo ni doa. Kwa anayetaka mashine iwake na afanye kazi, halimnyimi usingizi.

Linux Mint ilianza mwaka 2006 kwa Clement Lefebvre na mpaka leo inaendeshwa na timu ndogo, kwa michango na wadhamini. Imejengwa juu ya Ubuntu, na ina tabia ya kuikatalia Ubuntu pale inapoona imepotoka. GNOME, sura ya skrini ya distro nyingi, ilipokuja na toleo la 3 lililowachanganya watu, Mint ikatengeneza Cinnamon, yenye menyu chini kushoto kama ilivyozoeleka. Mwaka 2020 ikazuia Snap isijiweke yenyewe. Ina pia toleo la akiba, LMDE, lililojengwa moja kwa moja juu ya Debian, ili siku Ubuntu ikiharibika wasikose pa kusimama. Udogo wa timu ndio nguvu yake na ndio udhaifu wake: wanasikiliza watumiaji, lakini mikono ni michache. Februari 2016 tovuti yao ilivamiwa, na kwa muda mfupi waliokuwa wakishusha toleo la 17.3 la Cinnamon walipelekwa kwenye faili lililochezewa. Walilitangaza haraka na kwa uwazi.

Fedora ni ya mwaka 2003, chini ya udhamini wa Red Hat, kampuni iliyonunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Ina baraza na kamati ya kiufundi ambayo wanajamii huipigia kura, ila kiongozi wa mradi ni mwajiriwa wa Red Hat. Kinachoonekana Fedora leo ndicho kitakachoingia kwenye Red Hat Enterprise Linux kesho, kwa hiyo ukiitumia unakuwa ndani ya uwanja wa majaribio wa kampuni, jambo ambalo wenyewe hawalifichi. Mwaka 2023 Red Hat ilipobana upatikanaji wa msimbo wa toleo lake la kulipia, makelele yalikuwa makubwa. Fedora yenyewe haikufungwa, lakini imani ya baadhi ya watu ilitikisika, na sioni kosa kwao.

Kasi ya mabadiliko

Debian hutoa toleo jipya takriban kila miaka miwili. La 12, Bookworm, lilitoka Juni 2023; la 13, Trixie, Agosti 2025. Katikati ya hapo unapata marekebisho ya usalama na ya hitilafu kubwa, si vitu vipya. Ukikuta LibreOffice yako ni ya mwaka juzi, ndivyo ilivyokusudiwa. Huduma ni miaka 3 ya kawaida na 2 ya nyongeza.

Ubuntu hutoka Aprili na Oktoba. Yale ya Aprili ya miaka shufwa, kama 22.04 na 24.04, ndiyo ya muda mrefu, LTS, yenye huduma ya miaka 5, na ukijisajili Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa mtu binafsi hadi mashine 5, unafikia miaka 10. Hayo mengine hudumu miezi 9 tu, yaache. Mint hufuata LTS za Ubuntu: Mint 22 ya Julai 2024 imekaa juu ya 24.04 na itahudumiwa hadi 2029.

Fedora ina mwendo wake. Toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi, na kila moja linahudumiwa takriban miezi 13. Wayland, mfumo mpya wa kuchora skrini, ilikuwa chaguo lake la kwanza tangu toleo la 25 mwaka 2016, wakati wengine bado wanaisogelea kwa tahadhari. PipeWire ya sauti iliingia mwaka 2021.

Kama unataka kuona maana ya kasi hizi kwa macho, chukua kisa cha xz. Mwishoni mwa Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL na mfanyakazi wa Microsoft, alikuwa akipima utendaji kwenye Debian sid, tawi ambalo halijatulia. Akaona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde na kunakula prosesa kuliko kawaida. Wengi wetu tungenyanyua mabega. Yeye akafukua, akakuta ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, kuna mlango wa siri. Aliyeupachika alijiita Jia Tan, na alikuwa amejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili kwa kumsaidia mtunzaji wa xz, mtu wa kujitolea aliyekwisha kuchoka.

Matoleo yale yalikwisha kufika Debian sid na testing, na Fedora Rawhide, tawi la mbele kabisa la Fedora. Ubuntu 24.04, iliyokuwa bado jikoni, iliahirisha beta yake kwa wiki moja ili vifurushi vijengwe upya. Debian ya kawaida, Ubuntu za LTS zilizokuwa mitaani na Mint hazikuguswa. Mtu wa Debian akisimulia kisa hiki atakwambia: unaona faida ya kutokuwa na haraka? Mwenzake wa Fedora atamuuliza: bila watu wa kutumia vitu vipya kila siku, hiyo nusu sekunde angeiona nani? Wote wawili wana hoja, na mimi nimeacha kuwaamulia.

Bando na RAM

Linganisho nyingi za Ulaya na Marekani hukiruka kigezo hiki, kwa sababu mwandishi ana intaneti isiyopimwa. Kwetu kuna anayelipia kwa mwezi na kuna anayenunua GB 1 ya siku, na distro hazimtendei huyu wa pili sawasawa.

Anza na faili la kuwekea. Debian ina toleo dogo lisilofika GB 1, ambalo hushusha mengine wakati wa kuweka, na ina picha kamili za DVD zenye programu za kutosha kuweka mfumo bila intaneti kabisa. Fedora Workstation ni zaidi kidogo ya GB 2. Mint ya Cinnamon inakaribia GB 3. Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6. Hiyo ya mwisho, nakushauri, omba kwa mwenye flashi.

Halafu kuna kula kwa kila siku. Snap ya Ubuntu hukagua masasisho mara nne kwa siku na kuyashusha bila kuuliza, na Firefox ya Ubuntu yenyewe ni Snap tangu 22.04. Ukiunganisha kompyuta na hotspot ya simu na kwenda kupika, unaweza kurudi ukute ujumbe wa kampuni ya simu kwamba bando limekwisha. Dawa ipo na ni fupi. Fungua terminali, andika `sudo snap refresh --hold`, na kuanzia hapo haishushi yenyewe. Siku uko kwenye Waifai ya ofisi au chuo, unaandika `sudo snap refresh`, unamaliza. Mint hukuonyesha ngao ndogo pembeni kwamba kuna masasisho, inasubiri uamue. Ila programu za Flatpak (njia nyingine ya kufungasha programu, kama Snap) inazopendekeza kwenye duka lake huja na mizigo ya mamia ya MB mara ya kwanza, kwa hiyo angalia ukubwa kabla ya kubofya. Fedora ndiyo mlaji. Masasisho hutiririka kila wiki, orodha yake tu ya vifurushi ni makumi ya MB, na kila mwaka lazima uhamie toleo jipya, nalo ni GB kadhaa. Kwenye mipangilio ya Waifai unaweza kuiambia kwamba mtandao huu unapimwa, na duka lake litatulia, lakini deni la masasisho linabaki palepale likikusubiri. Debian ya kawaida hula kidogo kuliko zote, maana hakuna kipya cha kushusha.

Jambo moja zaidi kwa Debian, Ubuntu na Mint, linalofaa sana kwenye maabara ya shule. Ukiweka programu kwa amri ya `apt-get`, mafaili yake ya .deb hubaki kwenye `/var/cache/apt/archives`. Yanakili kwenye flashi, nenda nayo mashine ya pili yenye toleo lilelile, yaweke kutoka pale. Umelipia mara moja.

Upande wa RAM, wenye GB 8 wasijisumbue na aya hii. Wenye GB 4 wajue kwamba GNOME, sura ya kawaida ya Ubuntu na Fedora, itabeba sehemu kubwa kabla hujafungua kitu, na Firefox yenye kurasa kumi itamalizia. Xfce, sura nyingine, ni nyepesi zaidi. Mint inatoa toleo lake la Xfce lililo tayari. Debian inakuuliza wakati wa kuweka unataka sura ipi. Ubuntu ina ndugu zake Xubuntu na Lubuntu. Fedora nayo ina toleo la Xfce. Zile kompyuta kongwe za biti 32 zimefungiwa mlango na zote nne kwenye matoleo ya sasa, Debian ikiwa ya mwisho kufunga, kwenye toleo la 13. Na kama mashine yako bado ina diski ya kuzunguka, fedha ya SSD itakuletea nafuu kubwa kuliko distro yoyote utakayoibadilisha.

Siku ya kwanza

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na Mint ndiyo iliyofikiria zaidi. Dirisha la kukaribisha linakupitisha hatua kwa hatua: chukua nakala ya mfumo kwa Timeshift, angalia draiva, sasisha. Wakati wa kuweka kuna kisanduku kimoja cha kutiki ili upate kodeki za video na muziki. Ubuntu ina kisanduku kama hicho na ina sehemu yake ya draiva za nyongeza, kwa hiyo haiko nyuma sana.

Debian ilikuwa na sifa mbaya hapa, na ilistahili. Kwa miaka mingi faili lake rasmi halikuwa na programu-dhibiti za kadi za Waifai ambazo si huria, hivyo unaweka mfumo unaohitaji intaneti kwenye mashine isiyoona intaneti. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura kuziruhusu ndani ya faili rasmi, na tangu toleo la 12 tatizo limepungua sana. Ajabu ni kwamba video za MP4 Debian inazicheza bila nyongeza yoyote, kwa kuwa kinachoisumbua ni leseni ya msimbo, na msimbo wa kodeki hizo ni huria.

Fedora ni kinyume chake: iko chini ya kivuli cha kampuni ya Kimarekani, inaogopa hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi. Mwaka 2022 iliondoa msaada wa kadi ya picha katika kusoma video za H.264, aina iliyomo ndani ya MP4 nyingi. Utahitaji kuongeza ghala la RPM Fusion, lililo nje ya mradi, kwa ajili ya kodeki kamili, draiva za Nvidia na baadhi ya kadi za Waifai. Ni kazi ya dakika chache kwa anayejua. Kwa asiyejua ni jioni nzima ya kusoma Kiingereza.

Waifai ikikataa kwenye yoyote kati ya hizi, usihangaike na adapta. Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB kwenye mipangilio ya simu. Kompyuta itaiona kama waya wa mtandao, mara nyingi bila kuweka chochote, na utaweza kushusha draiva iliyokosekana.

Printa siziandikii sana. Zote nne zinatumia CUPS, programu ya kuchapisha, za HP kwa kawaida zinakubali, na kwa zile ngumu watengenezaji wanaojali huwa wanatoa mafaili ya .deb (ya Debian, Ubuntu na Mint) na ya .rpm (ya Fedora) yote mawili.

Masomo, kazi na kuchangia

Anayelenga kazi za seva na wingu atakutana na Ubuntu na Debian kila kona, na ukikwama, maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa Ubuntu. Anayelenga benki, kampuni za simu na taasisi kubwa zinazolipia Red Hat, au anayetaka mtihani wa RHCSA, cheti cha Red Hat, Fedora itamzoesha `dnf` ya kuwekea programu, SELinux ya usalama na mpangilio wa mafaili wa upande ule. Mint haimfungii mtu njia, kwa kuwa chini yake ni Ubuntu, ila hutaiona kwenye seva.

Kuchangia ni suala lingine. Debian hupokea taarifa za hitilafu kwa barua pepe hadi leo, na ili uwe mwanachama kamili lazima ufunguo wako wa usimbaji usainiwe na wanachama waliopo, kwa desturi mkiwa mmekutana ana kwa ana na kitambulisho mkononi. Mkutano wao mkuu, DebConf, ulifika Cape Town mwaka 2016, nao ni safari ndefu kwa mtu wa Mwanza au Bujumbura. Fedora ina utaratibu ulionyooka zaidi kwa mgeni: unafungua akaunti, unatafuta mdhamini, unaanza na vifurushi vidogo. Ubuntu na Mint hupokea tafsiri kupitia tovuti ya Launchpad, Fedora kupitia ya Weblate, na hapo mlango uko wazi kwa asiyejua kuandika msimbo. Kazi hiyo ina mizizi kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ukiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndani yake, ulitoa Jambo OpenOffice, OpenOffice kwa Kiswahili. Pengo lililobaki baada ya hapo ni kubwa, na atakayeingia leo hatakosa cha kufanya.

Kulingana na hali yako

Unatoka Windows, hutaki terminali, kazi yako ni barua, vitabu vya hesabu vya LibreOffice na mtandao: Mint ya Cinnamon, au ya Xfce kama RAM ni GB 4. Ukimwekea mzazi anayeishi mkoani, iwe hiyohiyo, na uwashe Timeshift kabla hujaondoka.

Una maabara ya shule yenye mashine kumi na intaneti ya kubahatisha: Debian kwa DVD, sura ya Xfce, na ujanja wa .deb niliouelezea. Ukitaka urahisi wa mwanzo na kuna mtu wa kusasisha mara moja moja, Mint nayo haitakuangusha.

Mwanafunzi wa kompyuta ambaye hajui aelekee wapi: Ubuntu LTS, kwa sababu ya wingi wa majibu. Akishajua anataka upande wa Red Hat, ahamie Fedora mapema.

Una kompyuta mpya ya mwaka huu, intaneti isiyopimwa, na unaandika programu: Fedora, maana kiini kipya hutambua vifaa vipya. Debian ya kawaida kwenye mashine kama hiyo inaweza isione Waifai au kadi ya picha mpaka toleo lijalo.

Seva ndogo ya ofisi ambayo hutaki kuigusa: Debian, kama wewe ndiye fundi na unaridhika na hivyo. Kama mkuu wako anataka jina la kampuni kwenye karatasi, Ubuntu LTS yenye Pro.

Kazi yako inasimama juu ya QuickBooks ya kwenye kompyuta, AutoCAD au Photoshop: hakuna hata moja kati ya nne itakayoziendesha moja kwa moja. Bakiza Windows kwenye diski moja na Linux kwenye nyingine, au tafuta kwanza mbadala uuzoee ukiwa bado Windows; LibreOffice na GIMP zote zina toleo la huko.

Umekwama kati ya mbili: ziweke zote kwenye flashi moja kwa Ventoy, programu ya kubebea mifumo kadhaa, uwashe kila moja bila kuigusa diski. Jaribu Waifai, sauti, kamera, na kufunga kifuniko halafu kukifungua uone kama inaamka. Itakayofaulu yote manne kwenye mashine yako ina hoja kuliko makala haya. Kabla ya kuiweka, hamisha mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha linganisha alama ya sha256 ya faili ulilolishusha na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya mradi, ujue kama halijaharibika wala kuchezewa. Kwenye terminali ni `sha256sum` na jina la faili. Kwenye Windows ni `certutil -hashfile`, jina la faili, na `SHA256`. Zikitofautiana hata herufi moja, lifute na ushushe upya.